Namba Zinazovaa Watu

Uliwaona. Usiniambie hukuwaona. Zamu ya asubuhi inapotoka kwenye kile kiwanda cha kusaga mawe, wanaume wanapita getini weupe kuanzia nywele mpaka kucha, wanakohoa huku wameshika ukuta, na wewe unapita hapo kila siku. Ulipandisha kioo cha gari. Au uliinamia simu, ukajifanya unasoma ujumbe uliokwishausoma asubuhi. Kisha ukaenda kupaka sebule yako rangi iliyotengenezwa kwa unga ule ule wa mawe, ukarudi nyuma hatua mbili, ukasema nyumba imependeza.

Basi leo utatazama. Sikuombi. Kaa hapo hapo.

Nyumba yenyewe ni chumba na sebule. Mke ni fundi cherehani, na mtaa mzima unamwita Fundi. Hata mumewe anamwita hivyo, isipokuwa akitaka kumchokoza, ndipo anamwita Mwandishi. Mume ni msaga mawe, mwaka wa kumi na moja sasa. Mdogo wake mume, mwanamume wa miaka thelathini na miwili aliyekuwa kinyozi mpaka kibanda chake kilipobomolewa kupisha barabara, analala sebuleni kwenye godoro linalokunjwa kila alfajiri ili cherehani ipate pa kukaa.

Na Fundi alikuwa anaandika riwaya. Ndiyo, riwaya. Usicheke, kwa sababu waliocheka ni wengi na hakuna hata mmoja aliyeandika ukurasa. Aliandika mchana, jua linapowafungia wateja majumbani, nyuma ya karatasi za kaki za kukatia vipimo, kwa penseli ile ile ya kuchorea kwapa na kola. Alitaka riwaya ya giza na maajabu: mji uliolaaniwa, mfalme asiyekufa, jitu linaloishi chini ya ardhi. Tangu utotoni alipenda hadithi za kumfanya mtu ajifunike shuka mpaka kichwani. Lakini yake ilikuwa haitishi, na yeye mwenyewe alijua.

"Hiyo ngome yako iko wapi?" mumewe alimuuliza siku moja, amelala chali, kifua kinapiga mluzi.

"Juu ya mlima wenye theluji."

"Theluji ikoje?"

"Nyeupe. Inafunika kila kitu, paa, njia, nyusi za watu."

"Kumbe umeniandika mimi nikitoka kazini!" Akacheka mpaka kikohozi kikamkata kicheko katikati, akainuka kuegemea ukuta. Alipopata pumzi alifuta mdomo. "Na hilo jitu lako, Mwandishi, usikasirike. Linanitia usingizi."

Mhariri wa gazeti la hadithi naye alimwambia hivyo hivyo, ila bila kumbembeleza. Gazeti lake hutoka kila Jumamosi, na ofisi yake iko ghorofani juu ya duka la rangi. Alisoma sura ya kwanza akiwa anakata kucha.

"Jitu lina pembe ngapi?"

"Saba."

"Punguza pembe, ongeza hofu. Mama, wewe mwenyewe unaogopa nini?"

Fundi akaviringisha karatasi zake za kaki. Alisimama pale kama mtoto aliyesahau alichotumwa.

"Siku ukijua, rudi," mhariri akasema, akarudi kwenye kucha zake.

Akaanza kutafuta hofu kama anavyotafutwa mbuzi aliyepotea. Akakaa makaburini mchana mzima. Akaumwa na siafu. Akamuuliza jirani yake, mwanamke mjane muuza mkaa, anaogopa nini kuliko vyote. "Mvua," muuza mkaa akamjibu, na hakuwa anatania, magunia yake yalikuwa nje.

Hofu haikuwa makaburini. Ilikuwa ikiingia mlangoni kwake kila siku baada ya zamu na kuomba maji ya kunawa.

Mume alianguka Jumanne, saa nne asubuhi, kati ya mashine ya pili na ya tatu. Wenzake wawili walimleta nyumbani kwa mkokoteni wa magunia, wamemfunika gunia tupu usoni ili jua lisimpige, na watoto wa mtaani wakadhani ni maiti wakaufuata mkokoteni kimya kimya. Walipomlaza, mmoja akakimbia kurudi. Wa pili alibaki mlangoni akikunakuna shingo.

"Shemeji," akamwambia Fundi, "usinielewe vibaya. Nimeambiwa nirudi na kibati."

Hapa lazima nieleze, kwa sababu wewe hujawahi kuuliza. Kibati ni kipande cha bati kama kiganja cha mtoto, kimegongwa namba, kina tundu na kamba ya kuvaa shingoni. Kiwanda kina vibati mia mbili. Asubuhi mlinzi wa getini anaisoma namba kwa sauti, karani dirishani anaiandika daftarini pamoja na saa. Jina hakuna anayeuliza. Mwenye kibati ana kazi. Asiye nacho ni mpita njia. Mume alikuwa Arobaini na Moja.

"Mwambie hakirudi," mdogo mtu akadakia. Alikuwa amesimama nyuma ya cherehani. "Kikirudi leo, kesho kimevaliwa na mtu mwingine, na kaka akipona ataingilia wapi? Nakivaa mimi. Namshikia nafasi mpaka apate nafuu."

Yule mwenzake mume akafikiri, akaitikia kwa kichwa polepole. "Karani haangalii sura. Sawa. Nitasema kimepotea, kisha wewe kesho uje nacho, useme kimeonekana, kana kwamba wewe ni yeye."

Na kila mtu mle ndani akaona ni busara. Mume mwenyewe, midomo myeupe, alimshika mdogo wake mkono akamwambia asante. Fundi alikwenda mbali zaidi: alikaa kwenye cherehani mchana ule ule akaipunguza ovaroli ya mumewe kiunoni, kwa sababu shemeji yake ni mwembamba. Alishona mshono wa mara mbili usifumuke. Hakujua anashona nini.

Kesho yake mume alikohoa damu. Hospitali ya vifua walimpima, wakasema mapafu yamejaa, anahitaji kitanda na hewa ya mtungi, na kwamba mfanyakazi wa kiwanda kile anapokelewa siku hiyo hiyo akija na barua ya matibabu kutoka kwa mwajiri. Bila barua kuna foleni. Foleni ilikuwa ya miezi mitatu. Daktari hakusema kama mgonjwa naye alikuwa na miezi mitatu. Aliangalia karatasi zake.

Alhamisi Fundi akasimama kwenye dirisha la karani, nyuma ya wanawake saba.

"Namba?"

"Arobaini na moja. Ni mume wangu, alianguka juzi, nimekuja kuomba barua ya—"

Karani akafunua daftari, akalamba kidole. "Arobaini na Moja yupo kazini."

"Hayupo. Yupo nyumbani, kitandani."

"Mama, sikiliza. Jana ameingia saa kumi na mbili kamili. Leo saa kumi na mbili kasoro dakika tano. Mtu wa kupigiwa mfano! Ningepata kumi kama yeye."

"Huyo ni..." Fundi akafunga mdomo. Neno lilikuwa ulimini. Akilitema, shemeji yake anatolewa kwa kuburutwa, na kibati kimekwenda.

"Huyo ni nani?"

"Hakuna."

"Tena ngoja nikuonyeshe, usije ukasema nakunyanyasa." Karani aligeuza daftari kubwa upande wa dirisha, akapitisha penseli juu ya safu ndefu. "Miaka kumi na tisa. Hajaumwa hata siku moja. Kama mumeo anaumwa, basi mumeo si Arobaini na Moja. Anayefuata!"

"Labda ana waume wawili," mwanamke mmoja wa foleni akasema, na foleni ikacheka. Walikuwa wamechoka, walihitaji kucheka, na aliyekuwa karibu ni yeye. Siwasamehe, lakini nawajua.

Fundi alifika karibu na nyumbani. Akakaa kwenye gunia la muuza mkaa bila kuomba ruhusa.

"Kumi na tisa," akasema. "Mume wangu ana miaka kumi na moja tu pale. Hiyo minane ni ya nani?"

Muuza mkaa alikuwa anapima debe. Akaliweka chini.

"Minne ni ya marehemu wangu."

"Wako alikuwa pale?"

"Arobaini na Moja. Alifia ndani, na kabla hajaoshwa walikuja kukifungua shingoni. Kabla yake alikivaa mrefu mmoja, fundi ngoma wa zamani. Na kabla ya mrefu kulikuwa na mwingine, mkewe alihama."

"Na mbona hukuniambia?" Fundi akapandisha sauti. "Miaka yote hii, mama, tunaazimana chumvi!"

"Ningekuambia nini? Siku mumeo alipopata kile kibati ulikuja kwangu unaruka kama mtoto, umenishonea gauni la bure kwa furaha. Nikuambie, hongera, kimetoka kwenye shingo ya maiti yangu?" Akachukua debe tena. "Na mimi pia nilishangilia. Wangu alipokipata, nilipiga vigelegele."

Fundi akaingia ndani. Ile ngome ya mlimani, kurasa hamsini na mbili, akaikunja yote akaitia chini ya mguu wa cherehani uliokuwa unacheza. Akachukua karatasi mpya ya kaki, na penseli ikakimbia kabla hajajua anaandika nini:

*Katika mji wa Mtawala wa Unga hapakuwa na makaburi, kwa sababu hapakuwa na aliyewahi kufa. Mtawala alikuwa na namba mia mbili, na namba hizo zilivaa watu. Mtu akichakaa, namba ilimvua, ikavaa mwingine, na daftari likaandika: yupo.*

Haukuwa woga. Ilikuwa hasira, na ilikuwa na ladha ya chuma. Aliandika mpaka penseli ikaisha ncha, akainoa kwa meno.

"Nisomee," mumewe akasema kutoka chumbani. Sauti yake sasa ilikuwa imebaki nusu.

Akamsomea. Mume alisikiliza macho yamefumbwa.

"Theluji imekwenda wapi?"

"Imeyeyuka."

"Na jitu? Lile la pembe saba?"

"Halina pembe tena. Lina dirisha."

Mume akafumbua macho. "Hilo sasa linanitisha." Kisha, pumzi moja kwa neno moja: "Andika kwamba unga hauna harufu. Watu wanadhani kifo kinanuka. Ule unga ni mtamu kidogo, kooni. Andika kwamba barakoa tulipewa siku waliyokuja wageni, jioni zikahesabiwa zikarudishwa sandukuni."

"Nitaandika."

"Na lile jitu lipe sauti nzuri. Karani ana sauti nzuri sana."

Hivi ndivyo walivyoishi siku zile: mume anatapika kwenye beseni, kisha anarekebisha sentensi. Mara mbili alimfanya Fundi acheke, na mara zote mbili Fundi alijiona mkosefu. Mdogo mtu alirudi kutoka kazini Ijumaa, mweupe mzima, nyusi za mzee, akawakuta katikati ya sura ya tatu. Akaitupa kofia.

"Kaka anakufa, wewe shemeji unamtungia hadithi?"

"Simtungii. Ananiambia."

"Barua je? Umepata barua?"

"Barua haiji kwa sababu yako!" Likamtoka. "Wewe ndiye unayeingia saa kumi na mbili kasoro dakika tano! Wewe ndiye mzima!"

"Mimi?" mdogo mtu akauliza. Fundi akamweleza yote ya dirishani, na alipomaliza, yule aliangalia kifuani mwake kama aliyeambiwa ana nyoka ndani ya shati. Lakini hakukivua. Akatoka nje akanawa, na asubuhi ya Jumamosi akakivaa tena akaenda. Usimhukumu haraka. Nyumba nzima ilikuwa inakula kutoka kwenye shingo ile, na kila aliyekuwa mle ndani alilijua hilo, hata mgonjwa.

Jumamosi hiyo hiyo Fundi alipanda ngazi za mhariri. Safari hii mhariri hakukata kucha. Alisoma amesimama, akasahau kuketi, na mara moja akageuka kuangalia mlango.

"Mama. Hii inatisha kweli kweli."

"Itatoka Jumamosi ijayo?"

"Nakupa ukurasa wa mbele. Ila kuna jambo dogo." Akakohoa kikohozi cha mtu mwenye afya. "Kiwanda kifanye msitu. Na huyu Mtawala mfanye bibi kizee. Mchawi. Wasomaji wanampenda mchawi."

"Mchawi gani anaandika watu kwenye daftari kwa saa na dakika?"

"Ndiyo maana nasema tubadilishe." Akageuza gazeti lake la wiki ile, akaweka kidole kwenye tangazo lililojaza ukurasa wa nyuma: rangi za ukuta, weupe wa kudumu. "Unanielewa? Wale ndio wanaonilipia karatasi."

"Mtaani kwetu kuna bibi alivunjiwa mlango mwaka juzi," Fundi akasema. "Vijana walimvunja mkono. Walikuwa wamesoma hadithi kama hiyo unayoitaka."

"Mimi nauza gazeti, mama. Sihukumu kesi."

"Uliniuliza naogopa nini."

"Nilikuuliza."

"Nimekuletea. Sasa wewe unaogopa zaidi yangu." Akakusanya karatasi zake moja moja, kwa sababu hakutaka aonekane ameharakishwa. Ngazini alilia, kisha akajipangusa kwa kona ya kanga, kwa kuwa chini kulikuwa na watu wananunua rangi.

Jumapili mchana aliwasomea sura ya tano. Mume kitandani, muuza mkaa mlangoni, mdogo mtu amekaa kwenye godoro lililokunjwa, kichwa magotini. Ilikuwa sura ya mtu aliyeivaa namba ya kaka yake ili amtunzie. Kila alipoita "nipo" asubuhi, kitandani kaka alipungua shibiri. Siku ya saba mama yao alikuja kumtazama mgonjwa, akakuta mkunjo kwenye godoro, na daftari kando limeandikwa: yupo.

Kifua cha mume kilipiga mluzi wake.

"Huyo ndugu anaitwa nani?" mdogo mtu akauliza.

"Sijampa jina."

"Mpe langu." Akainua kichwa. "Halafu andika alichofanya Jumatatu."

"Alifanya nini?"

"Sijui, shemeji. Leo bado Jumapili."

Jumatatu, saa kumi na mbili kasoro dakika tano, mlinzi akasoma: "Arobaini na Moja!"

"Hayupo," mdogo mtu akajibu.

Foleni nyuma yake ikasimama. Karani akainua macho, labda kwa mara ya kwanza mwaka ule.

"Umesemaje?"

"Arobaini na Moja yuko nyumbani anatema damu. Mimi ni mdogo wake." Akataja jina lake, la baba yake, na la kaka yake. Akakivua kibati, akakiweka dirishani. "Andika hayupo. Kisha utoe barua."

Karani hakukasirika. Ndiyo sababu inaniuma mpaka leo: hakukasirika hata kidogo. Kwa ile sauti yake nzuri alisema, "Basi wewe hujawahi kufanya kazi hapa. Na huyo unayemwita kaka ameacha kazi bila taarifa tangu Jumanne iliyopita. Aliyeacha kazi hapewi barua." Akakichukua kibati, akamnyooshea mwanamume mmoja mwenye watoto wanne aliyekuwa anasubiri nje ya geti tangu alfajiri. "Wewe. Njoo."

Yule mwanamume hakuja.

Alikuwa anamwangalia Fundi, aliyekuwa amemfuata shemeji yake na kusimama upande wa pili wa barabara, amebeba karatasi ya kaki na penseli. Sijui aliona nini. Lakini alibaki mahali pake, na kile kibati kikabaki kinaning'inia kwenye kidole cha karani. Ndipo mzee mmoja wa mashine ya tatu, Themanini na Nane, akasema jina lake. Jina tu, kama anayejibu hodi. Akaongeza la aliyemtangulia, na mwaka aliozikwa. Wa nyuma yake akasema lake. Fundi akavuka barabara, akapiga goti, akaitandika karatasi chini, akaandika. Walisema majina ya kuzaliwa, na wengine majina ya mama zao, na wafu waliovaa namba zao kabla yao. Karani alishusha dirisha. Honi ilipolia, majina yalikuwa sitini na tatu, na ishirini na tisa kati yake yalikuwa ya maiti.

Kisha nusu ya waliotaja majina wakaingia kazini. Sitakudanganya. Wana watoto. Waliingia wameinamisha vichwa, na mwenye watoto wanne naye, baada ya kusimama sana, akakichukua kibati.

Barua haijatoka. Riwaya ya Fundi haina sura ya mwisho. Muuza mkaa anamsihi ampe mgonjwa kitanda, ni hadithi tu, nani atamdai, na Fundi anakataa. Anasema hawezi kumwandikia mtu pumzi ambayo hajapewa. Mume ninayekueleza bado yu hai dakika hii, amekalishwa kwa mito mitatu, kwa sababu akilala anazama.

Kwa hiyo acha kuniambia hadithi imekugusa. Hakuna aliyeomba kuguswa. Nyumba ya tatu au ya nne kutoka kwako kuna mtu anakohoa hivyo, na unajua mlango wake. Nenda ubishe. Muulize jina lake kamili, alivuta vumbi gani, kwa nani, tangu mwaka gani, na nani alifia hapo kabla yake. Liandike. Watafute wengine watano, mwende pamoja kwenye dirisha la mwajiri wake, na mkiambiwa yupo kazini, mkalieni hapo hapo mpaka barua itoke na mtu apande kitanda. Si kesho. Kesho ndiyo inayowaua. Weka chini unachosoma, vaa viatu, toka.